Mrejesho: Michezo ya ndani kwa mtoto wa miaka miwili

Wiki tatu zilizopita niliomba ushauri kuhusu namna ya kumshughulisha binti yangu wa miaka miwili ndani ya nyumba, kwa kuwa upepo wa Dodoma wa miezi hii, pamoja na vumbi lake, haumruhusu kukaa uani hata nusu saa bila kukohoa. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Kilichofanikiwa kuliko vyote ni beseni. Namwekea maji vikombe viwili tu, maana mtaani kwetu maji ni ya mgao, pamoja na kikombe cha plastiki na chujio la chai. Hukaa hapo akimimina na kushangaa kwa nini chujio halijai, na akimaliza, maji hayo tunamwagilia mche wa mpapai. Sibanduki karibu yake, kwa sababu mtoto wa umri huo anaweza kuzama hata kwenye maji machache.

Ushauri wa kuchambua maharage niliuacha siku ya kwanza, baada ya kumkuta ameingiza punje puani, ambayo kwa bahati ilitoka alipopiga chafya. Sasa anapanga mistari ya magunzi ya mahindi na vifuniko vikubwa vya makopo ya maziwa, na wote hao anawaita "wageni". Vizibo vya soda nimeviondoa, kwani vinaenea mdomoni.

Donge la unga wa ngano, chumvi na mafuta lilidumu siku mbili, kisha sisimizi wakalivamia. Bibi yake alinung'unika kwamba chakula hakichezewi, nami sikuwa na la kumjibu.