Laptop inakataa flashi, nisaidieni kabla ya Jumatatu

Mtoto_wa_Kadutu: Ndugu zangu wa Bukavu, hamjambo. Nina HP EliteBook. Nimetengeneza flashi ya Windows 10, nabonyeza F9 ili iwake kwa flashi, flashi haionekani kabisa. Inafunguka Windows ya zamani na kudai neno la siri. TFC, kazi yangu ya kumaliza masomo, naiwasilisha Jumatatu. Nifanyeje?

Fundi_Nyawera: Umeitengeneza kwa programu gani? Wengi wananakili faili ya ISO, ile yenye Windows nzima, kama wimbo, halafu wanashangaa. Tumia Rufus, chagua mpangilio wa diski wa GPT. Kisha ingia F10, kwenye mipangilio ya mashine, angalia kama USB imeruhusiwa.

Baba_Ushindi: Windows 10 ya nini tena? Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Mimi nilihamia Ubuntu baada ya virusi kula picha za harusi. Mama watoto ananuna hadi leo.

Mtoto_wa_Kadutu: Rufus ndiyo niliyotumia. Shida ni F10, inadai neno la siri la msimamizi.

Fundi_Nyawera: Msimamizi yupi? Mashine ya nani?

Mtoto_wa_Kadutu: Ya shemeji, aliinunua mpya. Kuna fundi sokoni anasema akitoa betri ndogo ya ndani, neno linafutika. Nimekwisha kumpa nusu ya pesa. Picha ya skrini ya F10 hii hapa.

Fundi_Nyawera: Hiyo nusu imeliwa. Kwenye EliteBook neno hilo halitegemei betri. Itoe hata mwezi mzima, utalikuta palepale.

Dada_Nguba: Kuzeni picha. Mstari wa mwenye mali ameupaka weusi, ila mwisho pamebaki "LOGISTIQUE". Shemeji gani ananunua mpya yenye alama ya stoo? Hadithi ya kutunga hii. Hata hiyo TFC sijui.

Mtoto_wa_Kadutu: TFC ipo! Na sijaiba. Mkataba uliisha, ofisi ikahama, hakuna aliyekuja kuidai. Faili zangu zimo humo, nizisamehe?

Mama_Essence: Mimi niliokota simu Nyawera nikairudisha. Mwenyewe hakuninunulia hata soda, lakini nililala usingizi.

Fundi_Nyawera: Sikiliza, mdogo wangu. Ukisafisha diski kwa hiyo flashi, TFC imekwenda. Ukiitoa diski na imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, itadai ufunguo wa tarakimu 48, na wenye nao ni haohao wa ofisini. Waandikie leo, wakutolee faili, uwarudishie mashine.

Mtoto_wa_Kadutu: Si nitakuwa nimejishtaki mwenyewe? Huyu wa sokoni ananingoja saa nane.

Baba_Ushindi: Ukifika muulize kama ana chaja ya HP, ile ya ncha ya bluu. Ya mwanangu imeungua.