Mrejesho: mama amepata viza ya Kanada

Wapendwa, niliwauliza kama mama yetu, mjane wa hapa Kadutu, Bukavu, anaweza kukaa kwa dada yetu Ottawa muda mrefu kuliko ile miezi 6 ya mgeni wa kawaida. Anaweza! Viza ya wazazi imetoka: kila akiingia anaruhusiwa kukaa hadi miaka 5, ila kufanya kazi hapana. Mzigo mkubwa ulikuwa kwa dada: barua ya mwaliko, uthibitisho wa kipato, bima ya afya ya mwaka mzima inayoweza kulipia matibabu ya mama hadi angalau dola 100,000 za Kanada. Kwetu huku kilichosumbua ni cheti cha kuzaliwa cha dada, kinachoonyesha kuwa ni mtoto wa mama: jina la mama lilikosewa herufi moja, ikabidi lisahihishwe. Kagueni hilo mapema, jamani. Na ombi lifanywe mzazi akiwa bado nje ya Kanada.