Kampuni imeshtakiwa na madeni yamebana (Marekani): wakili mmoja wa kufilisi + kesi za biashara, au wawili tofauti?

Tairi_Nne
Habari wakuu. Nina LLC (kampuni ndogo yenye dhima ya kikomo) ya usafirishaji huku Marekani, malori mawili tu. Aliyetukodisha trela katushtaki eti tumevunja mkataba, sisi tunasema trela zilikuja mbovu na tunataka kumdai fidia kwenye kesi hiyo hiyo. Benki nayo imeanza kupiga simu. Wakili wa kwanza niliyeongea naye anafanya vyote, kufilisi na kesi za biashara. Wa pili ni wa kesi tu, mkali balaa, ndo anayenisimamia sasa hivi na bado ananidai hela yake. Nibaki na yupi?

Bibi_Faili
Nimekuwa msaidizi ofisi ya mawakili miaka kadhaa so ngoja nikuambie kitu hujakiuliza. Huyo anayekudai, ukienda Chapta 11 (kufilisika ambako kampuni inaendelea na kazi huku ikipanga upya madeni) hawezi kuwa wakili wa kampuni mpaka mahakama imkubali, na mtu anayeidai kampuni anahesabika mmoja wa wadai, kwa hiyo mara nyingi ama asamehe deni ama akae pembeni. Muulize mapema, wengi hawasemi.

KibaoKata
Mimi nilienda na wa kesi tu. Tumeandikiana barua miezi nane, hela inakatika tu, siku moja ananiambia "mzee hapa ni Chapta 7", yaani kufunga kampuni na kuuza vitu, akanipa namba ya ofisi nyingine. Huko nikaanza kueleza upya toka mkataba wa kwanza, faili zima, na saa za kusoma lile faili nalipia mimi tena. Chukua anayefanya vyote.

Mzee_wa_Hesabu
@KibaoKata sikubaliani sana. Wakili wa kufilisi anaweza kuwa mtaalamu wa makaratasi ila mbele ya jaji hajasimama miaka. Muulize kesi ngapi kazifikisha hukumu, sio ngapi "kashughulikia".
Halafu angalia Chapta gani kwanza. LLC ikiingia Chapta 7 haifutiwi deni, inauzwa vitu basi, na Chapta 13 ni ya watu binafsi sio kampuni. Kwa malori mawili ningeangalia Sabchapta V ya Chapta 11, njia ya biashara ndogo, ipo toka Februari 2020, mpango wa kulipa madeni unatakiwa ndani ya siku 90 na kwa kawaida hakuna kamati ya wadai ya kuilipia.

Bibi_Faili
Na hapo ndo kwenye utamu wa swali lako. Ukifungua tu faili la kufilisika kesi dhidi ya kampuni inasimama papo hapo, ila dai LENU la trela mbovu halisimamishwi, linakuwa mali ya ufilisi. Kwenye Chapta 7 anayelishika ni mfilisi (msimamizi anayeteuliwa kuuza mali), akiona linamsumbua atalimaliza kwa hela kiduchu na wewe utasikia tu. Kwenye 11 unabaki nalo mkononi. Kwa hiyo kama hilo dai lina nguvu unataka mtu anayejua kulipigania na anayejua kulilinda ndani ya ufilisi. Awe mmoja au wawili wanaoongea.

Tairi_Nne
Aisee hilo hakuna aliyeniambia. Kuna kitu kingine nilikuwa naona aibu kusema, kampuni ilimlipa mdogo wangu deni lake mwezi wa tano, yeye tu, wengine hatukuwalipa.

Mzee_wa_Hesabu
Sema kwa wakili leo. Malipo kwa wadai wa kawaida yanaangaliwa siku 90 kabla ya kufungua faili, ila kwa ndugu wa mwenye kampuni ni mwaka mzima, hiyo hela inaweza kudaiwa irudi. Kwenye kikao cha wadai unaulizwa chini ya kiapo, usijaribu kuizungusha.

KibaoKata
Na dhamana je? Benki ulisaini kwa jina lako?

Tairi_Nne
Ukurasa wa mwisho kabisa 😩

KibaoKata
Basi lile zuio linalosimamisha kesi dhidi ya kampuni halikukingi wewe, benki inakuja mlangoni kwako kampuni ikiwa bado ipo mahakamani. Mimi hapo ndo niliumia, sio kwenye kesi.

Tairi_Nne
Nimewaelewa. Kesho naanza na huyu mkali, namuuliza deni lake atalifanyaje na kama yuko tayari kufanya kazi na yule mwingine. Majibu ya kesi yanatakiwa Jumatatu.

Bibi_Faili
Jumatatu?? Hayo yaingie hata kama hujaamua wakili, na LLC haiwezi kujijibia yenyewe bila wakili. Mpigie usiku huu.