Mnaotuahidi jiometri "bila koodineti" halafu ukurasa wa pili mnachora mihimili: mtuache!

Wakuu, leo nina hasira. Nimekesha na mwongozo mwingine wa aljebra ya Clifford, ile inayozidisha vekta (mishale yenye urefu na mwelekeo) moja kwa moja. Jalada linajigamba: jiometri bila koodineti. Safi. Kufika ukurasa wa pili: "tuchukue e1, e2, e3", yaani vekta za urefu 1 za mihimili mitatu, na kuanzia hapo ni kufungua mabano tu mpaka macho yanatoka machozi. Sasa si tumerudi kulekule tulikotoka?

Kinachoniudhi, hizo e hazihitajiki! Angalieni Pythagoras. Kanuni ni moja: vekta ikijizidisha yenyewe inatoa mraba wa urefu wake. Chukua c = a + b, zidisha bila kuvuruga mpangilio: c² = a² + ab + ba + b². a na b zikiwa na pembe mraba kati yao, ab = −ba, vile viwili vya katikati vinafutana. Kwisha. Zisipokuwa hivyo, ab + ba ni zao la nukta (urefu mara urefu mara kosaini ya pembe kati yao) mara mbili, na kanuni ya kosaini umeipata bure. Mhimili uko wapi hapo?

Au mzunguko. Mimi nilikaririshwa matriksi (jedwali) ya namba tisa, na ile alama ya kutoa kwenye saini (sine) sikuwahi kuiweka mahali pake. Kumbe kuakisi vekta v kwenye kioo ni −nvn tu, n ikiwa vekta ya urefu 1 iliyosimama wima juu ya kioo. Ongeza kioo cha pili, m: unapata mnvnm. Alama za kutoa zimeuana, na v imezunguka mara mbili ya pembe iliyo kati ya vioo. Nenda vipimo vinne, bado inafanya kazi, wakati zao msalaba, lile la vekta mbili linalotoa vekta ya tatu iliyo wima kwa zote mbili, huko halina hata pa kukanyaga. (Ile sheria ya mkono wa kulia ya kujua zao hilo linaelekea wapi, msinikumbushe.)

Na si mambo ya jana. Mwanahisabati Grassmann alichapisha aljebra yake ya vekta 1844. Clifford, mwanahisabati mwenzake, akaiunganisha kazi hiyo na kwaternioni za Hamilton (namba za sehemu nne zinazoelezea mzunguko) mwaka 1878, akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 33. Wanasayansi Gibbs na Heaviside wakashika zao la nukta na zao msalaba, ndio urithi tunaokaririshwa hadi leo.

Sikatai, kompyuta inataka namba. Ipe, ukishamaliza kufikiri.

Kuna aliyeona mwongozo ambao e1 haijitokezi kabla ya hoja ya kwanza kuisha? Aweke jina hapa. Wewe wa "chagua tu mihimili mizuri", pita hivi.