Wakuu, anayejua tego linavyotolewa aniambie ukweli. Nina wiki tatu tu

Mwana_Kiwira (mleta mada)
Wakuu habarini za jioni. Mimi ni mwenyeji wa Rungwe, miaka 31, utingo kwenye fuso la viazi, Dar na kurudi. Mwezi uliopita nilitokwa na vipele sehemu za siri, vikajaa maji, vikapasuka vikawa vidonda. Kukojoa ilikuwa adhabu. Tezi za kinenani zilivimba mpaka nikawa natembea nimetanua miguu, na homa juu. Baadaye vikakauka vyenyewe bila dawa. Sasa vimerudi palepale, vichache.

Baba mdogo alivyoniona natembea vile akasema hili ni tego, nimegusa mke wa mtu, na hospitali hawaliwezi. Kanipeleka kwa mzee mmoja upande wa Ileje. Nimeshatoa nusu ya pesa na jogoo, nusu nyingine naipeleka Jumamosi. Naomba kujua kwa aliyewahi kutegwa: likishatolewa vinaisha moja kwa moja au vinarudi? Matusi sitaki, mawazo niliyonayo yananitosha.

Fundi_Soweto
Anza na mke wa nani. Ushauri baadaye.

dogo_mafinga
Nyie watu wa magari mkilala Makambako mnajisahau, mkifika nyumbani mnamsingizia mganga wa watu 😂

Mzee wa Busokelo
Kijana, mimi nimepita sitini na tego nimelisikia tangu naota ndevu. Tego tulilosimuliwa sisi ni la kunasana. Watu wawili hawaachani mpaka mwenye mke aje awafungue, kijiji kizima kinatazama. Hizi habari za vipele vya maji vinavyopona na kurudi wazee hawakuziita tego, hayo wameyaongeza hawa wa siku hizi ili wapate wateja.

Marehemu kaka yangu alitoka kidonda huko huko. Kimoja tu, wala hakikumuuma. Alizungushwa kwa waganga watatu, kila mmoja akaondoka na ng'ombe. Alipokuja kupimwa ikawa kaswende, akachomwa sindano akapona. Lakini zizi lilishabaki tupu, na watoto wake wawili waliacha shule mwaka ule. Baba yako mdogo anakupenda, sikatai. Ila hili halijui.

Nesi wa Zamu
Mleta mada, pole sana. Nimefanya kazi zahanati za vijijini huku kwetu muda mrefu, na nikisikia "tego" mara nyingi nakuta unachokieleza wewe. Kwa maelezo yako yanafanana sana na malengelenge ya sehemu za siri, wengine wanaita hepesi. Ni virusi. Wakishaingia wanakwenda kujificha kwenye mishipa ya fahamu chini ya uti wa mgongo, na hawatoki huko maisha yote. Ndiyo maana vinakauka vyenyewe na vinarudi palepale. Huyo mzee wa Ileje anajua vitakauka, na siku vikikauka atasema ni dawa yake.

Dawa ya kuviondoa virusi kabisa haipo duniani. Vipo vidonge vya asiklovia vinavyofupisha mlipuko, na ukivianza siku ileile unapohisi muwasho vinasaidia zaidi. Mara ya kwanza ndiyo huwa kali, kadiri miaka inavyokwenda vinapungua nguvu. Lakini usinunue tu dukani, nenda wakuangalie, wakupime kaswende na VVU pia, maana mwenye virusi hivi aina ya pili akikutana na VVU huvipata kirahisi karibu mara tatu kuliko asiyekuwa navyo.

Sasa swali langu: kwenye kichwa cha habari umeandika wiki tatu. Wiki tatu za nini?

Mwana_Kiwira
Nesi ndaga kwa maelezo. Wiki tatu ni mambo ya kifamilia tu. Ila kuna kitu sielewi, kama ni virusi mbona yule mama niliyekuwa naye hana kidonda hata kimoja? Nilimuuliza kwa simu akaapa.

Ebeneza wa Kyela
Mshahara wa dhambi ni mauti. Kijana acha uzinzi, acha waganga, okoka. Vidonda vitakauka kwa jina la Yesu.

Fundi_Soweto
Kwa hiyo mama yupo! Tunaelewana sasa.

mama_wawili
Naomba nijibu hilo la "hana kidonda". Mimi nilitokwa na hivyo vitu ndoa ikiwa na miaka sita. Nilikuwa sijatoka nje ya ndoa hata kwa mawazo, Kyala ndiye shahidi wangu. Wifi zangu waliitisha kikao, nikaulizwa mbele ya baba mkwe nimetoa wapi ugonjwa. Mume wangu alikaa kimya ameinamisha kichwa. Nilirudishwa kwetu na watoto, na mdogo alikuwa bado ananyonya.

Baadaye sana daktari mmoja ndiye alinieleza kwamba watu wengi wanakuwa navyo miaka na miaka bila kidonda chochote, wanaambukiza bila kujua. Vinaweza kulala kwako au kwa mwenzako tangu kabla hamjajuana. Hakuna kipimo cha kuonyesha nani alianza. Laiti ile siku ya kikao pangekuwa na mtu mmoja wa kuyasema hayo. Mpaka leo nikipita ile njia ya kwenda kwao nageuza uso.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Desemba 2024 kuwa watu milioni 846 wa miaka 15 hadi 49 wanayo malengelenge haya, zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano. Hao wote nani kawatega?

Nesi wa Zamu
Mama pole, na asante kwa kuyasema. Mleta mada, hujanijibu. Wiki tatu za nini? Una mke?

Mwana_Kiwira
Ninaye. Ana mimba, anajifungua mwisho wa mwezi.

Sikutaka kuliweka hapa kwa sababu najua mtanirukia. Nimeshalipanga. Jumapili nampeleka kwa mama yake Kyela, atajifungulia kule kwa mkunga wa jirani yao, mimi nabaki namalizia dawa. Akirudi na mtoto niko safi na hakuna aliyejua kitu. Nikimwambia sasa hivi na tumbo lile presha itampanda. Mnataka nimuue? Na vikitoka huwa simgusi.

Ebeneza wa Kyela
Umeona sasa.

Nesi wa Zamu
Sikurukii. Nisome taratibu.

Kutomgusa vikitoka ni vizuri lakini hakutoshi. Virusi vinatoka kwenye ngozi hata siku ambazo huoni kitu. Kondomu inapunguza, haimalizi. Kuanzia leo mpaka ajifungue usikutane naye kabisa.

Mama aliyekuwa navyo tangu zamani mwili wake umeshatengeneza kingamwili na kumpa mtoto tumboni, kwa hiyo hatari kwa mtoto ni ndogo, chini ya mmoja kwa mia. Mama anayeambukizwa mara ya kwanza miezi hii ya mwisho hajapata muda huo. Akijifungua kwa njia ya kawaida, watoto watatu hadi watano kwa kila kumi wanaweza kuambukizwa. Kichanga hatoki kipele akapona kama wewe. Vinaweza kuingia kwenye ubongo na ini, na wengi wasiotibiwa tunawapoteza. Wanaopona wengine wanabaki na ulemavu.

Yote hayo yanazuilika akijua mapema. Wajawazito wanapewa asiklovia, na wakati wa uchungu wakiona vidonda wanamfanyia upasuaji. Mkunga wa jirani hana chumba cha upasuaji. Unamhamisha mkeo kutoka mahali penye msaada.

Kijiko
Hii ni chai jamani, na mnainywa mpaka mwisho. Wiki iliyopita ID hii hii ilikuwa kwenye uzi wa madini ikasema inatibiwa na mganga wa Chunya. Leo Ileje. Kule alisema vilianza Pasaka, hapa mwezi uliopita. Na utingo gani anaandika Kiswahili kimenyooka hivi?

dogo_mafinga
Kweli bana, hata mimi nilianza kushtuka kwenye jogoo.

Fundi_Soweto
Mimi shemeji yangu ni utingo na ana diploma ya ualimu, ajira hakuna. Kwa hiyo hilo la Kiswahili liondoe.

Kijiko
Haya, na Chunya?

mama_wawili
Kijiko mimi ya kwangu pia ni chai? Kila mtu akileta vidonda vya sehemu za siri mnamgeuza mtunzi wa hadithi, halafu mnashangaa watu wanakwenda kwa waganga usiku.

Kijiko
Mama sijakugusa wewe. Namuuliza yeye.

Mwana_Kiwira
Nimebadilisha sehemu makusudi, kijijini kwetu watu wanasoma humu. Pasaka ndiyo kweli, nilisema mwezi uliopita ili isijulikane. Kama ni hadithi ningeitunga nzuri, nisingejiweka mimi hivi.

Na kwa kuwa mnasema natunga, namalizia. Wife tangu juzi ana homa, kiuno kinauma na akikojoa analia. Nilimwambia ni UTI ya ujauzito, inawapata wengi. Mzee alinipa mizizi, akasema na yeye anywe kidogo ili tego lisimfuate. Ameshakunywa mara mbili. Anadhani ni ya UTI.

Mzee wa Busokelo
Eh. Kijana.

Kijiko
Kama ni kweli basi futeni maneno yangu.

Nesi wa Zamu
Mizizi asinywe tena, na iliyobaki iende naye hospitali waione. Hatujui imo nini, na ana mimba kubwa.

Haya anayoyasikia yanaweza kuwa UTI, yanaweza kuwa ndiyo hepesi ya mara ya kwanza. Hapa mtandaoni siwezi kujua, anatakiwa mtu amwangalie. Usiku huu. Kutoka Kiwira mna Igogwe, mna Makandana pale Tukuyu, na wakiona haja watawapa rufaa Meta, Mbeya mjini. Abebe kadi ya kliniki. Wewe uingie naye, usikae nje kwenye bodaboda. Umwambie daktari: mimi nilitokwa na malengelenge sehemu za siri, mke wangu ana dalili, mimba ina miezi minane. Maneno hayo tu yanatosha wao kujua waanzie wapi. Mkeo ayasikie kutoka kwako kabla hamjafika mlangoni. Atakasirika, ana haki. Hiyo nusu ya pesa ya Jumamosi ndiyo nauli.

Mwana_Kiwira
Nimempigia jirani mwenye pikipiki. Nesi, wakiniuliza mbele yake nimetoa wapi?

mama_wawili
Jibu. Wewe tunajua ulikuwa wapi. Yeye hana la kujibu, na usikubali ndugu zako wamkalishe kikao.

Nesi wa Zamu
Mmeshatoka?