Sayansi huanzaje kutatua tatizo la jamii?

Swali: Ndugu wanajamvi, naomba kuelimishwa: sayansi huanzaje kutatua tatizo la jamii, na je, mtoto anaweza kuvutiwa nayo kabla hajajua kanuni zake?

Jibu la kwanza: Huanza kwa kudadisi. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu London, daktari John Snow alifuatilia mahali vifo vilipotokea, akaona vimeizunguka pampu moja ya maji katika mtaa wa Broad Street, na kwa ushawishi wake mpini wa pampu hiyo ukaondolewa; baadaye akaweka alama za vifo hivyo kwenye ramani.

Jibu la pili: Niongeze kwamba maambukizi yalikuwa yameshaanza kupungua, kilichodumu ni ile njia ya kufikiri. Mwoneshe mtoto ramani hiyo bila kumpa jibu, umwache atafute mwenyewe.

Muulizaji: Ahsanteni sana, nitaanza na ramani hiyo.