Mjadala: Ninja wa nguo nyeusi anastahili kuitwa urithi wa Iga na Koka?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Mwaka 2017 Japani iliwatambua rasmi ninja wa Iga na Koka kuwa sehemu ya urithi wake. Iga iko mkoa wa Mie, Koka iko Shiga, milima tu ndiyo inayozigawa. Februari 22 inaadhimishwa huko kuwa siku ya ninja, kwa kuwa namba mbili ikitamkwa mara tatu mfululizo kwa Kijapani hukaribia "nin-nin-nin". Na ninja anayewapokea wageni ni yule yule: mavazi meusi, uso umezibwa, nyota za chuma mkononi. Swali langu: huyu ndiye aliyeishi pale? Mimi nasema siye, na kumtanguliza yeye ni kuwadhulumu walioishi.

Nimekulia kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya sinema. Nilimpenda ninja kwa moyo wote. Ndiyo sababu nikaanza kutafuta habari zake.

Tuanze na jina. Katika zile vurugu za karne ya 15 na 16, mabwana wa Japani walipokuwa wakipigana wao kwa wao, watu hawa waliitwa shinobi. "Ninja" ni namna nyingine ya kuzisoma herufi zake, na ilikuja kushika kasi karne ya 20. Kwa Kiswahili ningewaita majasusi, na kwa msimu wa vita, wavamizi wa usiku.

Watu wa Iga hawakuwa na bwana mkubwa. Koo za pale zilikaa kikao, zikaandikiana sheria zenye vifungu 11: adui akiingia, kengele zigongwe kila kijiji, na kila mwanamume wa miaka 17 hadi 50 atoke na silaha. Mwaka 1579 Oda Nobukatsu, bwana wa jimbo jirani, aliwavamia wakamchapa vibaya kwenye vilima vyao. Mwaka 1581 baba yake, Oda Nobunaga, bwana wa vita mwenye nguvu, akaja na jeshi la makumi ya maelfu kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Vijiji vikachomwa, mahekalu yakachomwa, watu wakauawa kwa wingi. Hapo ndipo Iga ya wenyewe ilipokwisha. Waliopona wengi wakaenda kutumikia mabwana wengine, na mwaka uliofuata Tokugawa Ieyasu, bwana wa vita aliyekuja baadaye kuitawala Japani, alipokuwa akikimbia kuokoa roho yake alipita katika milima hiyo hiyo, na watu wa Iga na Koka wakamvusha. Hattori Hanzo, ambaye jina lake liko hadi leo kwenye lango la ngome ya Tokyo na njia ya treni ya chini ya ardhi, anatajwa katika safari hiyo.

Sasa ujuzi wao. Mwongozo mmoja wa ujasusi wa mwaka 1681 unataja vitu sita vya jasusi aendaye safari: kofia pana ya kusukwa, kamba yenye ndoano, kalamu ya jiwe, dawa, kitambaa cha urefu wa karibu mita moja, na kitu cha kuwashia moto. Basi. Nyota ya chuma haimo. Unataja pia sura saba za kujigeuza, mfanyabiashara, mtawa, mpiga filimbi wa dini, mchezaji wa mitaani na nyinginezo, na mojawapo ni kuwa mtu wa kawaida tu. Jasusi anayetambulika kwa mavazi yake si jasusi tena! Kazi ilikuwa kusikiliza, kukariri, kuchora ramani kichwani, kisha kurudi hai na habari.

Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA 1

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na historia yako naikubali. Hitimisho lako ndilo silikubali. Huyo wa nguo nyeusi si wa Hollywood. Mchoraji wa Kijapani Hokusai alimchora mwaka 1817 akipanda kamba, nguo nyeusi kichwa hadi miguu. Wajapani wenyewe walimtunga katika michoro, michezo ya jukwaani na vitabu vya watoto, miaka mingi kabla sisi hatujaingia kibandani. Kitu kilichotungwa na wananchi miaka mia mbili iliyopita nacho ni urithi. Mbona sisi Liyongo tunamtunza, na hakuna anayedai tupime kwanza kama kweli alikuwa na urefu ule tunaosimuliwa?

Halafu tazama faida. Chuo Kikuu cha Mie kilifungua kituo cha utafiti wa ninja mwaka 2017, na mwaka uliofuata kikaanza shahada ya uzamili. Nani angesoma juzuu 22 za ule mwongozo mwingine wa ninja, wa mwaka 1676, kama si mvuto wa huyu huyu unayemkataa?

MCHANGIAJI WA 2

Ndugu zangu, nyote mnaisahau Koka. Vita vilipokwisha, ujuzi wa mimea na dawa ulibaki pale, na Koka hadi leo ni eneo la viwanda vya dawa. Baruti nayo walikuwa mabingwa wake. Ningekuwa mwalimu ningewaanzishia watoto hapo.

Na mleta mada usiwapambe sana hao majasusi. Kwenye uasi wa Shimabara, 1637 hadi 1638, watu wa Koka walipelekwa kuipeleleza ngome ya Hara waliyojifungia wakulima Wakristo. Walinyata usiku wakaiba chakula cha wazingirwa, lakini kujichanganya nao kuliwashinda, kwa kuwa lafudhi ya Kyushu, kisiwa cha kusini uasi ulikotokea, na maneno ya dini yao vilikuwa vigeni kwao. Hapo walitumikia wenye nguvu dhidi ya wanyonge, na hilo nalo liandikwe kwenye urithi.

MLETA MADA

Hoja ya Shimabara imeniuma, dada, kwa sababu ni ya kweli. Wajukuu wa watu waliojitawala walitumwa kuwabana wakulima wenye njaa. Liandikwe, nakubali.

Kwako Mkuu: Liyongo tunamtunza kwa tenzi, na anayesikiliza utenzi anajua anasikiliza utenzi. Iga ni tofauti. Mwanahistoria Mwingereza Stephen Turnbull aliandika mwaka 1991 kitabu kilichompa ninja hadhi ya historia. Mwaka 2017 huyo huyo akaandika kingine kuonyesha ni kiasi gani cha habari hizo kilitungwa baadaye. Kama msomi aliyetumia miaka mingi anaweza kuvutwa na picha, mgeni wa saa mbili atajiokoaje? Mchoro wa Hokusai uwekwe, tena mahali pazuri, na tarehe yake, 1817, iandikwe kwa herufi kubwa, ili mgeni ahesabu mwenyewe kwamba ni zaidi ya miaka 230 baada ya Iga kuchomwa.

Ila mlangoni mwa jumba la makumbusho ningeweka vile vitu sita juu ya meza. Kofia, kamba, kalamu, dawa, kitambaa, kiwashio. Mtoto avishike, aulize mwenyewe upanga uko wapi.